Muulize Mjomba: Mzee anataka kuona minara ya vita London

SWALI: Shikamoo mjomba. Mwezi ujao nampeleka mzee wangu London kumwona dada, umri umeenda na magoti yake sio yale tena, lakini ameng'ang'ania kitu kimoja tu, atembee taratibu kwenye zile bustani zenye minara ya kumbukumbu za vita maana baba yake alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu, akapigana mpaka Burma. Nimecheki ramani pale Hyde Park Corner naona minara imejazana, sijui nianzie wapi, na je kuna hata mmoja unaotaja watu wetu? – Mjukuu wa Keya

JIBU: Marahaba mwanangu. Upo, tena watu wanaupita kila siku wakidhani ni nguzo za geti tu. Mkitoka stesheni ya Hyde Park Corner achaneni kwanza na Hyde Park yenyewe, ni hekta 142 ile, mfalme Henry VIII aliichukua kwa watawa mwaka 1536 awe anawindia kulungu, mzee atachoka hamjaona hata jiwe. Vukeni kwenye taa, polepole, mwende pale barabara ya Constitution Hill inapoanzia. Mtaona nguzo nne za mawe meupe zenye vyungu vya shaba juu, na kibanda chenye kuba pembeni. Malkia Elizabeth alizizindua Novemba 2002.

Sasa msome majina. India, Pakistan, Bangladesh, Sri Lanka, Nepal, Caribbean, halafu Afrika. Basi. Wenzetu wa Asia kila nchi na jina lake, sisi bara zima neno moja, Keya wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo) wamebanwa humo pamoja na askari wa Nigeria na Gold Coast (Ghana ya leo). Mimi huwa linanikera hilo, ila angalau lipo. Na maandishi yanasema waliojitolea vita zote mbili ni milioni tano. Kwa vita ya pili sawa, wapo wengi waliokwenda kwa hiari yao na wengine wakifuata mshahara, lakini ile ya kwanza mtu asikudanganye, wapagazi wa Carrier Corps, kile kikosi cha kubebea jeshi la Waingereza mizigo, wengi walikusanywa vijijini kwa nguvu kupitia machifu, hasa 1917, wakafa makumi elfu, na maradhi yaliua wengi kuliko risasi.

Kama babu alikuwa Keya Burma basi kuna uwezekano mkubwa alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndio walioshuka bonde la Kabaw 1944 wakati wa mvua mpaka wakafika Kalewa, kwenye matope na malaria. Mwulize mzee kama aliwahi kusikia jina Kalewa nyumbani. Msiharakishe hapo.

Mkimaliza rudini kwenye kile kisiwa cha katikati kwenye tao la Wellington, mwone mnara wa kikosi cha mizinga wa 1925. Juu kuna mzinga mzima wa jiwe, lakini zungukeni mpaka upande wa kaskazini, kuna askari wa shaba amelala amekufa, kafunikwa koti lake. Aliyemchonga, Charles Sargeant Jagger, alipigana na kujeruhiwa mwenyewe, na ulipozinduliwa kuna watu walichukia, walitaka ushujaa sio maiti. Kwangu mimi ndio mnara wenye ukweli kuliko yote pale. Wa Australia na wa New Zealand viko hapohapo, mnapita mnaangalia.

Magoti yakiruhusu ingieni Green Park, upande wa Piccadilly kuna sanamu saba za marubani na wenzao wa ndege za mabomu, za 2012, watu wao 55,573 walikufa, na pia pameandikwa kuwakumbuka watu wa mataifa yote waliouawa na mabomu ya 1939 hadi 1945. Kisha mtembee chini ya miti mpaka stesheni ya Green Park, mchukue treni ya Victoria moja kwa moja hadi Brixton, mwisho wa reli. Uwanja wa Windrush kuna mnara wa Waafrika na Wakaribi wa 2017. Hakuna kiingilio popote kati ya hapo nilipotaja, mkitaka kupanda ndani ya tao la Wellington tu ndio mnalipa.

SWALI: Mjomba, hapohapo Hyde Park Corner nimeona picha ya kijana yuko uchi kabisa kashika upanga, nayo ni ya vita? Nilicheka. – Msomaji wa kila wiki

JIBU: Ni ya vita kabisa, na ukisoma chini yake utaacha kucheka. Yule ni Daudi ameshika upanga wa Goliathi, ni mnara wa kikosi cha rashasha kilichoundwa 1915 kikavunjwa 1922, wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanakiita klabu ya kujiua kwa jinsi walivyokuwa wanakufa. Pembeni yake kuna rashasha mbili aina ya Vickers, zimezungushiwa mashada, na chini wameweka maneno ya Biblia kwamba Sauli kaua maelfu na Daudi makumi elfu. Wengine wakalalamika tangu mwanzo kwamba hayo ni majigambo ya kuua, na mimi niko upande wa waliolalamika.