Volkano ya siki haimfai mtoto wa Goma

Ukitafuta kwenye intaneti jaribio la sayansi la kufanya na watoto nyumbani, la kwanza utakalopewa ni kile kimlima cha udongo chenye chupa katikati. Unamimina siki juu ya bikaboneti, ile soda ya kuokea, povu linabubujika, watoto wanapiga makofi. Kwa mtoto wa Nairobi au Dar sina neno. Lakini wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, anaamka asubuhi na kuona moshi wa Nyiragongo, volkano hai, juu ya mabati ya jirani. Mwanangu mkubwa anaikumbuka Mei 2021, ilipolipuka tukafunga mizigo na kushika njia ya Sake pamoja na nusu ya mji. Huyo ukimwonyesha povu ukamwambia volkano ndiyo hii, unamdanganya, naye anajua. Lava ni mwamba ulioyeyuka, na kinachoirusha juu ni gesi iliyobanwa ndani yake. Siki haimo.

Sisi nyumbani tunaanza na mlima, jikoni baadaye. Swali lipatikane njiani, kisha lijaribiwe kwenye meza wiki hiyohiyo, kabla halijapoa.

Ninaposema mlima simaanishi Nyiragongo wenyewe. Una mita 3,470, umo ndani ya Hifadhi ya Virunga, haupandwi bila ruhusa na walinzi, na kwa usalama tulio nao siku hizi sitamshauri mzazi yeyote. Mont Goma, kale kalima kando ya ziwa, kanatosha kabisa. Nako ni volkano ya zamani, jambo ambalo watoto wengi wa mjini hawajaambiwa. Nendeni mapema, kabla mawingu hayajafunika kilele cha Nyiragongo. Jumamosi asubuhi ina salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, basi sisi hutoka Jumapili kabla ya ibada. Kandambili ziacheni nyumbani, mawe yetu yanakata kama vioo. Bebeni maji, karanga na ndizi. Na ulizeni kabla ya kupita kwenye kiwanja cha mtu.

Ukiwa juu, usihubiri. Uliza tu. Mbona mji mzima huu, pamoja na mvua zote zile, hauna hata mto mmoja? Mwanangu mdogo, mwenye miaka saba, alijibu kwamba watu wamemaliza maji kwa bidoni, yale madumu ya kutekea. Sikumsahihisha. Tulirudi na mfuko wa changarawe ya lava na udongo mwekundu tuliopewa na jirani aliyetoka Masisi. Chupa mbili za plastiki zikakatwa vitako, zikageuzwa, kitambaa mdomoni, changarawe katika moja na udongo katika nyingine. Kila mtoto akasema kwanza anachodhani kitatokea, mkubwa akaandika kwenye daftari. Tulipomimina kikombe kimoja kimoja, kwenye lava maji yalipita moja kwa moja, na kwenye udongo yakasimama juu yakitutazama. Mdogo akaguna, "Kumbe mto uko chini!" Karibu sawa. Mvua ya Goma inazama katika mwamba wenye nyufa na matundu, ndiyo maana tunateka ziwani. Hapo mwambie pia kwamba maji yaliyopita kwenye mawe si maji safi ya kunywa, bado yanataka klorini au kuchemshwa, maana mtoto akiona yametoka meupe atakunywa.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linatumia siki na bikaboneti zilezile nilizozisema vibaya hapo juu, ila kwa kazi inayotuhusu, yaani mazuku. Mzazi wa Goma anayekaa upande wa Himbi au njia ya Sake anajua: kuna mabonde na mashimo ambamo gesi kaboni (kaboni dioksidi) inatoka ardhini na kutuama. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Haionekani, na pua haikupi habari. Mbuzi anaingia na hatoki.

Chukua bakuli kubwa la kioo. Simamisha ndani vipande vitatu vya mshumaa: kifupi cha kidole, cha kati, na kirefu kinachokaribia ukingo. Nyunyiza bikaboneti chini, vijiko vinne au zaidi. Washa mishumaa wewe mwenyewe, si mtoto. Uliza: upi utazimika kwanza? Andikeni majibu. Halafu mimina siki taratibu pembeni, mbali na moto, na mtu yeyote asipulize wala asipitepite. Povu linachemka chini, halifiki kwenye moto, ila linatoa gesi kaboni ileile ya mazuku, nayo inajaa bakuli kuanzia chini. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha ule mfupi unainama na kuzimika, kamoshi kanapanda. Halafu wa kati. Mrefu unaweza kubaki unawaka, ongeza siki.

Mdogo aliangalia bakuli, akaniuliza, "Papa, mimi ni mshumaa gani?"

Basi hapo ndipo pa kutoa masharti, kwa sababu sasa yana maana. Mpira ukiangukia shimoni, haufuatwi, anaitwa mtu mzima. Alfajiri na usiku, upepo ukiwa umelala, ndipo gesi inapojaa zaidi. Ukiona wadudu au ndege wamekufa mahali pa chini, rudi ulikotoka. Na likija lile gumu kuliko yote, kwamba mwenzako ameanguka humo, usimfuate: piga kelele, kimbilia watu. Niliwahi kuyasema haya mara nyingi kabla ya bakuli, wakaitikia "ndiyo Papa" huku macho yako kwenye mpira.

Mkubwa akija na ubishi, mpe hili. Washa mishumaa mitatu tena, safari hii bila siki, uifunike na ndoo ya plastiki inayoonesha ndani, iwe pana na ndefu isikaribie moto. Mtungi wa kioo ni bora zaidi. Sasa ule mrefu kwa kawaida ndio unaozimika kwanza. Gesi ni ileile, lakini hii imetoka motoni, ina joto, basi inapanda na kujaa juu kwanza. Wangu alinuna jioni nzima akitafuta kosa. Mwache anune. Mama yake alitaka nimweleze papo hapo, mimi nikakataa, na bado nadhani nilikuwa na haki.

Kwa siku za mvua ipo lava ya jikoni: mafuta, asali na uji mzito juu ya sinia lililoinamishwa, mshindane kipi kitafika chini kwanza. Lava ya Nyiragongo ina kidogo silika, ile inayoifanya lava kuwa nzito, ndiyo maana inakimbia kama mafuta, na ndiyo maana mwaka 2002 iliingia katikati ya mji hadi ziwani. Asali ni ghali. Weka kijiko kimoja tu, na uwe na mkate karibu, kwa sababu sinia hilo halioshwi, linalambwa.