Hotuba zingoje, kwanza nambari ya OB

Tangu tumzike dada yangu, watu hunijia wakitaka nao kuwatetea wanawake wanaopigwa majumbani. Wengi huja na hamu ya fulana zenye maandishi na maandamano ya zile siku 16 za Novemba na Disemba za kupinga ukatili wa kijinsia. Sizikatai. Ila hapa Mombasa kazi yenyewe hufanyika zaidi kwenye benchi la kituo cha polisi, mkingoja nambari ya OB, yaani daftari la matukio.

Dada yangu aliuawa na mumewe. Kabla ya hapo vikao vya sulhu vilikaliwa, tena si kimoja. Kahawa inazunguka, mume anainamisha kichwa na kuomba radhi, mke anaambiwa, "Rudi kwako mwanangu, msitiri mumeo." Sulhu inafaa palipo na ugomvi wa maneno. Penye kipigo, humpa mpigaji nafasi ya pili na ya tatu. Msimamo huu umenigombanisha na wajomba zangu, na sijali.

Mwanamke akikujia, usimwulize mbona haondoki. Mtaa mzima umeshamuuliza. Muulize kitambulisho chake kiko wapi, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mama mmoja wa Kisauni alivifunga vyake ndani ya leso, akavificha kwenye debe la unga la jirani auzaye mahamri. Mume alipekua nyumba nzima, debe la mtu hakuliwaza. Na asitangaze kwamba anaondoka: mume akishajua anaachwa, hapo ndipo hatari huwa kubwa zaidi.

Akiwa ameumia, matibabu kwanza. Hospitali ya Coast General wana kitengo cha waathiriwa wa ukatili. Kituoni hakikisheni tukio limeandikwa kwenye OB, mpewe nambari, kisha fomu ya P3, ile daktari hujaza majeraha yake iwe ushahidi, ambayo polisi huitoa bure. Pigeni picha majeraha siku hiyo hiyo, maana uvimbe hushuka. Usiku ukiwa mkubwa na hamjui pa kukimbilia, pigeni 1195, simu ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili; haina malipo.

Kuna kituo tuliambiwa, "Hayo ya nyumbani, nendeni mkapatane." Usibishane kwa sauti. Sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inamtaka askari amweleze mlalamishi misaada iliyopo, na mama ana haki ya kuomba kuandikisha taarifa kwa askari wa kike. Mimi hutembea na nakala ya sheria hiyo mkobani. Karatasi ikitoka, lugha hubadilika. (Si kila mara, lakini mara nyingi.)

Jambo linalowachanganya wengi wetu Waislamu: talaka ni ya kwa Kadhi, lakini amri ya ulinzi, ile ya kumzuia mpigaji, hutolewa na hakimu, na si lazima ndoa ivunjwe kwanza ndipo uiombe. Mtu mwingine pia anaweza kumwombea mwathiriwa. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wanawake wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Halafu kesi itaahirishwa, na itaahirishwa tena. Hapo ndipo mashahidi hukata tamaa: mama nauli hana, mtoto yuko mgongoni, na ndugu za mume wamejaa pale nje ya mahakama wakimtazama. Anahitaji mtu wa kupanda naye matatu, wa kumshikia mtoto anapotoa ushahidi, wa kukaa kati yake na hao mashemeji. Kama asubuhi za siku za kazi una nafasi, anzia hapo.