Simu ni yako, lakini wapangaji waliingia kabla yako

Mkuu, nimesoma swali lako tangu jana pamoja na majibu yaliyofuata. Unasema umenunua simu mpya ya GB 32, umeikuta na Facebook, duka la michezo, programu ya habari na vivinjari viwili, na ukiingia kwenye Mipangilio huoni neno "Ondoa", unaona "Zima" tu. Umeuliza mambo mawili: kwa nini huruhusiwi kufuta, na kama ni kweli kwamba ukilazimisha simu inakufa. Wengi wamekujibu "ruti simu, futa zote", yaani uvunje kufuli la mfumo upate ruhusa ya kugusa kila kitu. Nakuomba usifanye hivyo kabla hujamaliza kusoma hapa. Natengeneza simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, huu mwaka wa tisa. Kazi hii ya kuondoa programu za kiwandani imenilipa kodi ya meza miezi mingi, na imenipa pia siku moja ambayo siisahau.

Memori ya simu imegawanywa vyumba. Kuna chumba cha mfumo, mtengenezaji anakijaza kiwandani na kukifunga, halafu kuna chumba chako, ndimo zinamokaa picha, nyimbo na kila unachopakua. Chumba cha mfumo simu inakisoma tu, wewe huna ruhusa ya kukigusa. Ukibonyeza "Zima", programu inalala: haionekani, haijiwashi, haili MB. Lakini faili lake lipo palepale. Ndiyo maana mtu akirudisha simu kwenye hali ya kiwandani anazikuta zote zimerudi kama hazikuwahi kuguswa.

Na hapa nikwambie jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawalisemi kwa mteja: kuziondoa hakukupi nafasi ya maana. Unachorudishiwa ni masasisho yake na takataka ilizokusanya, kwa kuwa hivyo vilishaingia chumbani kwako. Faida kubwa iko kwenye bando, kwenye chaji, na kwenye nani anajua unafanya nini na simu yako.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja anayepika chapati Ilala. Akaniwekea simu mezani, bado ina unga kwenye kava. "Mwanangu, nanunua bando asubuhi, adhuhuri limekwisha. Na mimi natumia WhatsApp tu, nachukua oda za watu wa ofisini." Nikamfungulia ukurasa wa matumizi ya data mbele ya macho yake. WhatsApp ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilikuwa duka la programu lililokuja na simu, ya pili ni programu ya habari, ile inayokurushia matangazo hata kioo kikiwa kimefungwa. Hakuwahi kufungua hata moja. Akaniuliza, "Hizi ni nini?" Nikamwambia zimekuja na simu. Akanitazama. "Nani kazileta?"

Nikazizima zote mbili. Baada ya wiki akapita kuniambia bando la siku linafika jioni. Lakini lile swali lake nilibaki nalo, na ndilo swali lako pia mkuu.

Simu ya bei yetu inauzwa kwa faida ndogo sana. Mtengenezaji anafidia kwa kuuza nafasi: kampuni inalipa ili programu yake ikae kwenye simu kabla hujaifungua boksi. Nyingine ni za mtengenezaji mwenyewe, duka lake, kivinjari chake, muziki wake, na humo anapata pesa ya matangazo. Halafu ziko zinazoingia kwa masharti. Umenunua nyumba, ukaingia ukakuta vyumba viwili vina wapangaji, na kodi wamekwishamlipa aliyejenga.

Hayo ya masharti yameandikwa vizuri na Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja wa Ulaya kinachosimamia ushindani wa biashara. Android yenyewe mtengenezaji anaweza kuichukua bure. Tatizo ni kwamba simu isiyo na Play Store, duka la programu, ni ngumu kuuzika sehemu nyingi, na Play Store ni ya Google. Tume ilikuta kwamba aliyetaka Play Store alilazimika kuweka pia Search, ile ya kutafutia mtandaoni, na kivinjari cha Chrome, na baadhi ya watengenezaji wakubwa walilipwa ili Search ya Google iwe peke yake kwenye simu. Julai 2018 Google ikapigwa faini ya euro bilioni 4.34. Mwaka 2022 mahakama ya Ulaya ikaipunguza hadi bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki imesimama.

Sasa angalia nani huwa analalamika mpaka kesi kama hizi zinafunguliwa. Si mama wa chapati. Ni kampuni pinzani. Kule Urusi, Yandex, kampuni ya huko ya kutafutia mtandaoni, ndiyo iliyopeleka malalamiko dhidi ya Google mwaka 2015. Mamlaka ya ushindani ikaipa haki, na mwaka 2017 Google ikakubali kulipa rubo milioni 438 na kuacha kudai upekee kwenye simu za Android zinazouzwa kule. Yandex ilishinda nini? Ilishinda haki ya kuwekwa na yenyewe kiwandani. Na kuanzia Aprili 2021 sheria ya Urusi ikalazimisha simu zinazouzwa nchini humo ziwe na programu za Kirusi ndani. Mnunuzi aliyetaka simu tupu alizidi kuisubiri. Ndiyo maana sikubaliani na waliosema huko juu kwamba tuwaache wakubwa wapigane, sisi tutafaidika. Wakubwa wanapigania chumba, hawapigani ili chumba kibaki wazi.

Swali lako la pili, kama simu inakufa. Ushahidi bora uko kwenye ugomvi huohuo wa wakubwa. Mwaka 2012 Apple iliondoa ramani za Google na YouTube kwenye iOS 6, toleo la mfumo wa iPhone, programu zilizokuwa zikija na iPhone tangu mwanzo, ikaweka ramani zake. Ramani hizo zilikuwa mbovu kiasi kwamba Tim Cook aliomba radhi hadharani mwezi huohuo wa Septemba, akawashauri watu watumie ramani za wengine wakati zake zinarekebishwa. Desemba ramani za Google zikarudi, safari hii kama programu ya kupakua. Watu waliudhika, ndiyo, lakini iPhone haikufa. Kumbe programu ya kiwandani inatoka vizuri tu pale anayetaka itoke ni mwenye kiwanda. Mtumiaji wa kawaida aliruhusiwa kuondoa baadhi ya programu za Apple kuanzia iOS 10, mwaka 2016.

Halafu Facebook, maana hiyo ndiyo inayokukera zaidi. Januari 2019 ilikuwa habari kubwa kwamba wenye simu kadhaa za Samsung hawawezi kuifuta. Facebook ikajibu kwamba ukiizima ni sawa na imefutwa, haiendelei kukusanya taarifa. Miezi michache baadaye, baada ya Marekani kuiwekea Huawei vikwazo, Facebook hiyohiyo ikasimamisha programu zake zisiwekwe tena kwenye simu mpya za Huawei. Simu zikaendelea kutoka kiwandani, zikapiga, zikapiga picha, zikaingia mtandaoni. Nilizishika mezani kwangu kwa mikono hii, pamoja na zile za baadaye zisizo na huduma za Google kabisa. Wateja waliuliza Play Store iko wapi, lakini hakuna aliyeniambia simu yake imekosa uhai kwa kukosa Facebook.

Kwa hiyo Facebook haimo kwenye moyo wa simu. Lakini kuna vitu vilivyomo kwenye moyo, na hapo ndipo ile siku yangu inapoingia.

Alikuja binti wa chuo, simu imejaa matangazo yanayotokea katikati ya kazi. Nilikuwa na haraka, foleni ndefu, Jumamosi. Nikachomeka waya kwenye kompyuta, nikaanza kufuta kwa amri kila kilichokuwa na jina la mtengenezaji, nikiamini matangazo yanatoka humo. Kimoja kati yake ndicho kilichokuwa kinachora skrini ya mwanzo na kufungua kufuli. Simu ikazima, ikawaka, ikabaki nyeusi. Waya nao ukawa hausomi tena. Ilinibidi kuifuta yote ndipo iamke, na hakuwa amehifadhi picha popote pengine. Nilipomweleza hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Hata zile za mahafali ya dada?" Nilimrudishia pesa yake, lakini picha sikuwa na uwezo wa kumrudishia. Tangu siku hiyo sigusi simu ya mtu kabla hatujanakili picha zake, hata foleni iwe inafika barabarani.

Basi fanya hivi. Usiruti. Ukiruti, programu nyingi za benki zinakataa kufunguka, na dhamana ya simu mara nyingi inakwenda. Anza na "Zima" kwenye Mipangilio, moja baada ya nyingine, ukae nayo siku nzima kabla ya kuzima inayofuata. Kabla ya kuzima bonyeza "Ondoa masasisho", hapo ndipo unapata zile MB chache zako. Kwenye orodha chagua ionyeshe na za mfumo, kwa sababu Facebook ya kiwandani huwa inakuja na wasaidizi wasioonekana: com.facebook.appmanager, com.facebook.services na com.facebook.system. Mtu anazima ile yenye alama ya bluu anadhani amemaliza, kumbe hao watatu bado wako macho.

Kama "Zima" nayo imefifia haibonyezeki, ndipo unahitaji kompyuta na ADB, zana ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Kwenye Mipangilio washa chaguo za wasanidi (Developer options) kwa kugusa namba ya muundo (Build number) mara saba, ruhusu utatuzi wa USB (USB debugging), chomeka, halafu andika:

adb shell pm disable-user --user 0 com.facebook.appmanager

Ukitulia nayo siku mbili tatu na kila kitu kiko sawa, unaweza kuiondoa kwa mtumiaji wako:

adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager

Ukijuta, inarudi hivi:

adb shell cmd package install-existing com.facebook.appmanager

Hiyo amri ya tatu iandike kwenye daftari kabla hujaanza. Na ukimaliza kazi, zima utatuzi wa USB, usiuache wazi.

Kama simu ni ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, usiguse programu ya mkopeshaji. Kwanza ni mkataba ulioweka saini, pili imefungwa ndani sana, na nimeona simu zaidi ya tano zikijifunga kabisa kwa jaribio hilo.

Niseme na hili kwa sababu linaniuma. Mwaka 2015 baraza la watumiaji la Shanghai liliwashtaki Samsung na Oppo baada ya kuhesabu programu za kiwandani: simu moja ya Samsung ilikuwa nazo 44, ya Oppo 71. Kufikia Julai 2017 China ilikuwa na kanuni kwamba programu zisizo za kazi za msingi lazima zifutike. India iliitoza Google faini Oktoba 2022 na kuagiza isiwafunge watengenezaji kwa furushi zima la programu zake. Ulaya ndiyo imekwenda mbali zaidi: tangu Machi 2024 sheria yao ya masoko ya kidijitali inazitaka kampuni kubwa zimruhusu mtumiaji aondoe programu kwa urahisi, isipokuwa zile ambazo simu haiwezi kufanya kazi bila hizo. Apple imelazimika kuruhusu hata Safari na App Store zifutwe na watumiaji walio katika Umoja wa Ulaya. iPhone ileile ikiwa mkononi mwa mtu wa Kinondoni haina kitufe hicho.

Kwetu Tanzania nako simu haziingii sokoni hivi hivi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inakagua aina ya kifaa kabla hakijaruhusiwa. Tunayo Tume ya Ushindani na sheria yake ya mwaka 2003, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sharti moja tu lingetosha kwenye ukaguzi: kisichohitajika kupiga, kupokea, kutuma ujumbe na kuendesha mfumo, kiwe na kitufe cha "Ondoa". Watengenezaji wanaweza, maana wanakiweka kwa Wachina na kwa Wazungu. Mwenye kujua namna ya kupeleka maombi haya kwa baraza la watumiaji anitumie ujumbe, niko tayari kukaa chini na kuandika, na nina picha za kurasa za matumizi ya data za simu nyingi tu kama ushahidi, wenyewe wameniruhusu.

Mkuu, weka hapa modeli ya simu yako na picha ya orodha nzima, pamoja na majina yale marefu yanayoanza na "com". Nitakupigia mstari zipi uzime leo. Wakati unasubiri usiguse chochote chenye neno systemui, telephony au launcher, na nakili picha zako kwanza.