Fundi, unakalia nini?

Kila msimu wa sare za shule nilikuwa nalala kiuno kinawaka moto. Nikijipa moyo kwamba ni uchovu tu, oda zikiisha nao utaisha. Mwaka wa saba wa kushona, vidole vitatu vya mkono wa kulia, kuanzia gumba, vikaanza kufa ganzi usiku. Siku mkasi uliponiponyoka katikati ya kitambaa cha mteja ndipo nilipokwenda hospitali.

Mtaalamu wa viungo hakuanza na vidonge. Aliniuliza, "Dada, unakalia nini?"

Nilikuwa nakalia stuli fupi ya plastiki: magoti juu, mgongo umepinda, shingo inaifuata sindano. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na ukiinama kutwa, misuli ya shingo ndiyo inayokishikilia. Mkononi nako kuna neva inayopita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono, pale unapofunga saa. Ukikunja hapo kwa saa nyingi, kano zinavimba na neva inabanwa. Ndiyo ile ganzi.

Nikamwendea seremala. Akanichongea kiti chenye egemeo, kirefu kiasi kwamba viwiko vyangu vinakaa sawa na meza ya cherehani na nyayo zinatua zote kwenye pedeli. Chini ya miguu ya nyuma ya meza tukaweka vipande vya mbao, meza ikainama kidogo upande wangu. Sasa kazi ndiyo inayonifuata mimi. Nikaacha kabisa kukatia nguo mkekani. Nakata nimesimama, kwenye meza ya usawa wa kiuno, na mkasi naunoa mara kwa mara, maana mkasi butu unaumaliza mkono.

Kila nusu saa nanyanyuka: napiga pasi, nachota maji. Oda haicheleweshwi na dakika mbili.

Ganzi ilichukua miezi kuisha, kwa hiyo usingoje kama nilivyongoja mimi. Na wewe uliyeajiriwa kiwandani hapa Tanzania, toa taarifa mapema: sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008 inagusa na magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake.

Mwanafunzi mpya akija kwangu, kabla ya kumwonyesha kutunga uzi, namkalisha kitini kwanza, natazama kiwiko chake na meza.