Kabla hujaingia kwenye handaki lenye maji, kata fimbo

Marehemu baba alikuwa mtu wa genge, yaani kikosi cha kutunza njia, kwenye Reli ya Kati, pale Kilosa. Mto Mkondoa ukifurika, na ulikuwa haukawii kufurika, kazi yake ilikuwa kutangulia treni kwa miguu, fimbo mkononi, akichomachoma kokoto chini ya mataruma. Reli ukiitazama kwa mbali imelala sawasawa. Ukichoma fimbo, unakuta tuta limeshaliwa na maji na vyuma vinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalipoisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, alikuwa ameshastaafu zamani, lakini alinipigia simu huku Marekani kunisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyetumwa kuitengeneza.

Nimeanza na hayo ili ujue kwamba nilikuwa na mwalimu. Na bado, mwaka 2013, niliingia kwenye handaki la reli lililotuamisha maji nikiwa na raba za mazoezi, simu mkononi, fimbo sina.

Handaki lenyewe liko Virginia, chini ya milima ya Blue Ridge, karibu na kijiji cha Afton. Lilichimbwa kuanzia 1850 chini ya injinia Claudius Crozet, Mfaransa aliyewahi kuwa ofisa katika jeshi la Napoleon na kutekwa huko Urusi. Baruti ya dinamiti ilikuwa bado haijavumbuliwa. Watu walitoboa mwamba kwa nyundo na patasi ndefu, wakajaza baruti nyeusi kwenye matundu, wakakimbia. Wengi walikuwa Waairishi waliokimbia njaa kwao. Wengine walikuwa Weusi watumwa waliokodishwa, na ujira wao ukaenda mfukoni kwa waliowamiliki. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia kambini na kuua makumi ya vibarua. Pande mbili za uchimbaji zilikutana Desemba 1856, na tofauti kati yake haikufika hata sentimita mbili. Treni ya kwanza ilipita Aprili 1858. Mita 1,300 hivi. Wakati huo hakukuwa na handaki la reli refu kuliko hilo Amerika Kaskazini.

Lakini adui wa Crozet tangu mwanzo hakuwa mwamba. Alikuwa maji. Handaki limeinama: upande wa magharibi uko juu, wa mashariki uko chini. Waliochimba kutoka mashariki, maji yalitoka yenyewe nyuma yao. Waliochimba kutoka magharibi walikuwa wakiteremka, kwa hiyo kila tone lililotoka kwenye mwamba liliwafuata na kujaa miguuni mwao. Pampu za kuzungushwa na farasi hazikutosha. Akalaza bomba la chuma la zaidi ya mita 500 na kuyanyonya maji yapande kwanza, yavuke, kisha yashuke upande wa pili kwa uzito wao wenyewe. Ni mbinu ileile ya dereva anayenyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi, ila yeye alifanya kwa mlima.

Mwaka 1944 treni zilikuwa zimeshakuwa kubwa mno, zikahamishiwa kwenye handaki jipya lililochimbwa jirani. La zamani likaachwa. Miaka ya 1950 kukawa na mpango wa kuhifadhi gesi ndani yake. Zikajengwa kuta mbili nene za zege katikati ya handaki, mpango ukafa, kuta zikabaki. Na maji, yalipoona hakuna mtu wa kuyasimamia, yakarudi mahali pake.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa Bukavu tuliyefanya naye kazi zamu ya usiku. Niseme ukweli: kulikuwa na kibao cha kukataza kuingia, tukakipita. Sitakifanya kitendo hicho kiwe ushujaa. Mtu anayeishi ugenini kwa makaratasi hana sababu ya kutafuta maongezi na askari kwa ajili ya picha za simu.

Tuliingia upande wa mashariki. Maji yalianza kwenye kifundo cha mguu, yakapanda taratibu hadi chini ya goti, yametulia kabisa na maangavu kama ya mtungini. Na hilo ndilo jambo ninalotaka ulisikie kuliko mengine yote. Maji machafu yanakutisha, unajihadhari. Maji ya handakini hayana upepo wa kuyatikisa wala jua la kuyaotesha majani, kwa hiyo unaona hadi chini na unajiona una akili. Kumbe maji maangavu hukuonyesha sakafu ikiwa juu kuliko ilivyo; kinachoonekana cha goti ni cha paja. Halafu chini kuna tope laini lililotulia miaka mingi. Ukilikanyaga linanyanyuka. Wakati wa kwenda unaona kila kokoto. Ukigeuka, njia yote uliyopita imekuwa chai ya maziwa, na shimo ulilolikwepa wakati wa kwenda hulioni tena.

Ndivyo nilivyoanguka: si wakati wa kuingia, ni wakati wa kurudi. Mahandaki ya reli huwa na mfereji pembeni wa kutolea maji. Nilikuwa nimesogea ukutani kuangalia matundu ya patasi, mguu wa kushoto ukakosa chini, nikazama hadi kifuani. Simu, ambayo ndiyo ilikuwa tochi yangu, ikaenda na maji. Rafiki yangu alikuwa na tochi ndogo ya kichwani aliyoinunua kwa ajili ya kazi. Akanimulika, akanivuta kwa kola, akasema kwa sauti ya chini sana, akiniita yaya kama wanavyomwita mkubwa kwao Kongo, "Yaya, tutoke. Hii mayi hapana muzuri." Sikubisha.

Kutoka pale hadi mlangoni ni kama mita 200. Mwanga wa nje tuliuona muda wote, lakini meno yalikuwa yakigongana na vidole havikuweza kufungua zipu. Mle ndani huwa nyuzi 10 hivi, kiangazi na kipupwe. Kwa mtu mkavu ni baridi ya kawaida; kwa mtu aliyeloa nguo za pamba, inakula nguvu haraka kuliko unavyodhani. Mimi nilikuwa na bahati ya tochi ya mtu mwingine na gari lililokuwa karibu.

Sasa, ukiniuliza leo, jibu langu la kwanza ni usiingie kwenye handaki lililoachwa lenye maji. Najua wapo watakaoingia hata hivyo, au watakaoalikwa na watu wenye kibali, kwa hiyo nawaambia haya.

Kata fimbo ndefu ya kukufika begani. Ichome mbele kabla ya kila hatua, sio pale tu unapohisi wasiwasi, kwa sababu pale penye shimo hutahisi wasiwasi wowote. Tembea katikati, mbali na kuta. Mataruma yaliyooza chini ya maji huteleza kama bamia, na yaliyong'olewa huacha mashimo ya upana wa mguu. Maji yakipita goti, geuka. Usijadiliane na mtu. Yule anayesema "kidogo tu mbele" hajui kuna nini mbele kukuzidi wewe.

Tochi tatu kwa kila mtu, moja ikiwa kichwani. Simu haihesabiwi. Tochi ya kwanza ikianza kufifia, hiyo si ishara ya kutoa ya pili na kuendelea. Ni ishara ya kurudi.

Vaa sufu au nguo za mazoezi zisizonywa maji, acha jinzi nyumbani, na weka nguo kavu garini. Mtu aliyebaki nje ajue saa mnayotarajiwa kutoka, kwa sababu ndani hakuna mtandao wa simu.

Usiwe na kidonda kilicho wazi. Maji ya namna hii hupokea mkojo wa panya na wanyama wengine, na waliofuatilia habari za Lindi mwaka 2022 wanakumbuka homa ya mgunda inavyoambukizwa. Popo waache walale.

Na kuta zile za zege. Kulikuwa na bomba sehemu ya chini, na nilisikia vijana wakijisifu kwamba walitambaa humo hadi upande wa pili. Siwezi kukupa ushauri wa namna ya kupita kwenye bomba la aina hiyo, kwa sababu sina wa kutoa. Nyuma ya ukuta hujui maji yamesimama kiasi gani, hewa iliyokaa bila kupita inaweza kuwa imeisha nguvu bila kunuka chochote, na mtu akikwama katikati hakuna wa kumgeuza.

Kwa hili la Afton, siku hizi hakuna haja ya ujanja wowote. Kuta zilibomolewa, maji yakapewa njia, na tangu Novemba 2020 ni njia rasmi ya watembea kwa miguu, karibu kilomita tatu na nusu ukihesabu na pande za nje. Taa hazikuwekwa kwa makusudi, kwa hiyo tochi bado unahitaji, na sweta hata Julai. Mwanangu wa kike nilimpeleka akiwa na miaka tisa. Upande wa magharibi kuna tao la matofali, na mashariki ni mwamba mtupu. Huko mashariki alipata tundu la patasi ukutani, akaingiza kidole, kikaingia chote.

Nilijaribu kumwonyesha nilipoangukia, nikashindwa kupatambua. Sasa ni kokoto kavu, na maji yanapita pembeni yakiteremka kuelekea Afton. Akaniuliza kwa nini nimebeba fimbo na njia yenyewe ni nzuri hivi. Nikampa aibebe yeye. Akaichovya kwenye mfereji, akaitoa, akapima sehemu iliyoloa kwa kiganja: viganja viwili na nusu.