Vijiti vya drams kwa onyesho la Ngome Kongwe

Ndugu yangu, umeuliza kama uhamie vijiti vya 5B, saizi iliyo nene kuliko 5A, kwa ajili ya onyesho lenu la Ngome Kongwe. Mimi ningebaki na 5A ulivyovizoea, kwa sababu drams zitawekewa maikrofoni na kazi ya kukuza sauti ni ya fundi mitambo, si ya mabega yako. Tofauti ya unene kwa kawaida haifiki milimita 1, lakini mkono huihisi vizuri sana kipindi kikirefuka.

La muhimu zaidi ni unyofu, maana unyevu wetu wa masika hupinda mbao. Dukani, kibingirishe kila kijiti juu ya kioo cha kaunta, na kinachoyumba ukiache hata muuzaji akinuna. Kisha vigonge kimoja kimoja uchague viwili vyenye mlio unaolingana. Ncha ya nailoni huyapa matoazi mlio mkali zaidi, ingawa kwa nyimbo za taratibu napendelea ya mti. Ikiwa viganja vyako hutoka jasho, piga msasa laini sehemu ya kushikia, na weka jozi za akiba karibu na mguu wa toazi.