Chungu tunachokizunguka

Mwanangu,

Ulipopiga simu juzi uliniambia mwenzako wa chumbani amekuuliza kwa nini usiku tisa wa Navaratri, sikukuu yetu Wahindu ya kumwadhimisha mungu wa kike, tunacheza tukizunguka chungu chenye matundu, na kama huyo mungu wa kike tunayemwimbia ni mke wa mungu Shiva tu. Ulikosa jibu. Kosa ni langu, nilikufundisha hatua za ngoma nikaacha maana yake.

Chungu kile ni garbo, ngoma ni garba, na yote mawili yametoka kwenye neno la Kisanskriti garbha: tumbo la uzazi. Taa inayowaka ndani ni uhai wenyewe. Sisi tunazaliwa, tunakufa, tunarudi, tunazunguka. Yeye yuko katikati.

Jina lake ni Shakti, yaani nguvu. Shiva ni utambuzi uliotulia kabisa. Shakti ndiye anayeutia mwendo, nyota zikawako, mbegu ikapasuka. Wazee husema ukiiondoa i katika Shiva, husalia shava: maiti. Bibi yako alikuwa akirudia hilo kila alipoitazama picha ya Kali, sura ya Shakti iliyo kali, amesimama juu ya Shiva aliyelala.

Kisa cha Durga, sura yake ya kivita, unakijua. Mahishasura, jitu la umbo la nyati, aliwafukuza miungu mbinguni. Kwa hasira mwanga ukawatoka miilini, ukakusanyika, ukawa yeye. Wengi husimulia kana kwamba wao ndio waliomuumba. Mimi sikubali. Naona walikuwa wakimrudishia nguvu aliyowaazima.

Lakini ninapopapenda zaidi katika Devi Mahatmya, kitabu cha kumsifu chenye beti 700, ni pale miungu wanapomsujudia. Wanamsujudia yeye aliyemo ndani ya kila kiumbe kama nguvu, kama mama, kama kumbukumbu. Hayo ungeyatarajia. Kisha wanaendelea: kama usingizi, kama kivuli, kama kiu, hata kama kukosea. Na kama njaa. Njaa, mwanangu! Beti hizo nilizisoma tangu usichana, nikaja kuzielewa usiku ule wa kwanza ulipolilia ziwa na mwili wangu ukakuitikia kabla sijafumbua macho.

Huko Leicester, Uingereza, hutakosa ukumbi Navaratri ikifika. Mchukue mwenzako. Mwonyeshe kwanza chungu, taa ikiwa imewashwa, ndipo umfundishe kupiga makofi na kugeuka.

Mama yako